Kupanda bila Kutifua

Katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, ambako mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma Mei, mahindi na maharage hulimwa zaidi kwa jembe la mkono, ambalo hupindua udongo wote na kuuacha unyevu ukipotea kwa jua. Kipandio cha mkono, chombo chenye ncha ya chuma kinachotumika sana Brazili, hutoboa udongo mahali pa shimo tu na kudondosha mbegu chini ya matandazo, yaani mabua na majani yaliyoachwa shambani. Ripa ya Magoye kutoka Zambia, inayokokotwa na maksai, huchana mfereji mwembamba. Kikwazo kikubwa cha kupanda hivi bila kutifua, pengine kuliko bei ya vyombo, ni magugu, ambayo jembe lilikuwa likiyafukia, na mifugo inayoachiwa mabua baada ya mavuno.