Baleti ya kizalendo Marekani: kabla mtoto hajapanda jukwaani, mwambieni nani aliyeitunga

Mwaka huu wa 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu itangaze uhuru wake tarehe 4 Julai 1776, na kila mji, hata ule mdogo, una shamrashamra zake. Huku kwetu Brooklyn Center, kitongoji cha watu zaidi ya 33,000 kaskazini-magharibi ya Minneapolis, skuli ya baleti anayokwenda binti yangu wa miaka 11 imeamua onyesho la mwisho wa msimu liwe la kizalendo. Muziki uliochaguliwa ni wa magwaride ya John Philip Sousa, na mwishoni bendera inapandishwa nyuma ya wachezaji.

Nilipowapa habari jamaa zangu wa Maskati kwenye grupu la ukoo, majibu yalikuja ya kila namna. Mama aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, huyo mjukuu wangu anacheza kwa bendera ya nani?" Shangazi yangu akauliza habari ya nguo. Kaka yangu aliyeko Dubai hakutaka kabisa. Maswali haya ni ya haki, na familia zetu nyingi zenye watoto ughaibuni zitakutana nayo, kwa hiyo nimeona niandike niliyoyapata.

Kwanza, ngoma yenyewe. Baleti mashuhuri kuliko zote za namna hii inaitwa Stars and Stripes, na ilichezwa mara ya kwanza New York, Januari 1958, na kundi la New York City Ballet. Aliyeitunga ni George Balanchine, mzaliwa wa Saint Petersburg, Urusi, mwaka 1904, mwenye baba wa asili ya Georgia. Alifika Marekani 1933 na kupata uraia 1940. Sousa mwenyewe alizaliwa Washington mwaka 1854, lakini baba yake alikuwa mhamiaji wa asili ya Kireno na mama yake Mjerumani. Basi hapo tayari mna safari ndefu ndani ya bendera moja.

Wachezaji wanavaa sare kama za askari, wanapanga safu na kupiga saluti, lakini ndani yake mna mzaha mwingi. Watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana, maana tunayo beni. Tangu miaka ya 1890 wazee wetu walichukua matarumbeta, ngoma na gwaride la Mzungu wakafanya mchezo wao, na Unguja mpaka leo beni inasikika harusini. Na Oman nako, nani asiyejua razha na panga zake siku za sherehe za taifa? Ndugu yake, razfa, iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2015 kwa pamoja na Imarati. Kucheza kwa ajili ya nchi si jambo geni kwetu. Hata baleti yenyewe si ngeni, kwani Jumba la Opera la Maskati lililofunguliwa 2011 limeshapokea makundi makubwa ya dunia.

Lakini habari iliyonishika zaidi ni ya baleti nyingine, Appalachian Spring, ya Martha Graham. Ilionyeshwa mara ya kwanza Washington, Oktoba 1944, katika Maktaba ya Bunge, nayo inahadithia bwana na bibi harusi wanaoanza maisha mashambani. Muziki ni wa Aaron Copland, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Lithuania. Jukwaa lilitengenezwa na Isamu Noguchi, aliyekuwa na baba Mjapani. Na miongoni mwa wachezaji alikuwemo Yuriko, mzaliwa wa California. Wakati wa vita serikali iliwaweka kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia, na Yuriko alikuwa mmoja wao huko Arizona. Alitolewa 1943, akaenda New York, na mwaka uliofuata akawa anacheza hadithi ya Marekani mbele ya watu wa Washington.

Copland naye hakusalimika. Mwaka 1953 utunzi wake, Lincoln Portrait, uliondolewa kwenye tamasha la kuapishwa Rais Eisenhower kwa tuhuma za ukomunisti, na mwaka huohuo akaitwa kuhojiwa na kamati ya Seneta Joseph McCarthy. Mtu aliyewapa Wamarekani sauti ya nchi yao aliulizwa kama ni mwenzao!

Nilimsimulia binti yangu haya yote. Akaniuliza, "Sasa mama, Yuriko alikuwa Mmarekani au siyo?" Nikamwambia alikuwa, tangu siku aliyozaliwa, na waliomfungia ndio waliokosea.

Mama yangu nilimjibu kwa habari yake mwenyewe. Alizaliwa Unguja, akaitwa Mwarabu. Alipohamia Oman baada ya 1970 akaitwa Mzanzibari, kwa sababu Kiswahili kilikuwa chepesi mdomoni kuliko Kiarabu. Mjukuu wake amezaliwa Minnesota, na anaulizwa dukani ametoka wapi. Darasani kwake wamo watoto wa Kiliberia, ambao wazee wao wengi waliishi hapa kwa vibali vya muda vilivyoanza 1991, mpaka sheria ya Desemba 2019 ilipowafungulia njia ya ukaazi wa kudumu. Watoto hawa wote watasimama chini ya bendera ile ile. Mimi sioni kuwa wanaazima kitu cha watu.

Kuhusu nguo, niliongea na mwalimu mapema, kabla sare hazijaagizwa. Alikubali suruali nzito ya kubana chini ya sketi, na blauzi ya mikono mirefu chini ya koti, na akasema wasichana wengine wawili wameomba vivyo hivyo. Kwa wazazi wenzangu, nasaha yangu ni hii: ulizeni miezi kadhaa kabla, maana sare zikishafika ni taabu. Ulizeni nani anacheza na nani, na saa ya mazoezi ya mwisho, isije ikala Magharibi. Mkiona hamridhiki, mkatalieni mtoto mapema, si wiki ya onyesho.

Kaka yangu bado hajaridhika, na sikumlazimisha. Mimi na mume wangu tumekubali binti yetu acheze. Tiketi tumenunua nne, na mama atatazama kwa simu, ingawa kwake Maskati itakuwa alfajiri.