Kutambua Kuvu katika Karatasi kwa Miali ya Infraredi

Jalada la mgonjwa lililokaa miaka mingi katika stoo yenye unyevu hupata madoa ya kahawia. Mtunza kumbukumbu hujiuliza: je, ni kuvu, au ni maji na uchakavu tu? Jibu lina uzito, kwa kuwa kuvu hula karatasi yenyewe, na vijimbegu vyake vikivutwa pamoja na hewa huweza kuchochea pumu na mzio.

Karatasi hutengenezwa hasa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari. Kuvu za jamii ya Aspergillus na Chaetomium hutoa vimeng'enya vinavyoikata minyororo hiyo, na karatasi hulegea hadi kumeguka. Kukata kipande cha waraka kwa ajili ya uchunguzi ni kuudhuru zaidi. Hapo ndipo spektroskopia ya infraredi inapofaa.

Kipimo hiki hutegemea ukweli kwamba vifungo vya kikemikali hufyonza miali ya viwango maalumu. Miali huelekezwa juu ya doa, kisha kifaa hupima ile inayorudi. Selulosi hufyonza sana miali yenye mawimbi kati ya 1,000 na 1,100 katika kila sentimita. Protini na kitini, vilivyomo katika mwili wa kuvu, huacha alama karibu na 1,650 na 1,550.

Alama ya 1,650 peke yake haitoshi, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya karatasi hufyonza karibu na hapo. Tena, karatasi nyingi za kale za Ulaya zilipakwa jelatini, nayo ni protini. Kwa hiyo mtaalamu hulinganisha doa na sehemu safi ya ukurasa uleule. Tofauti baina yake ndiyo ushahidi.

Hata hivyo, miali haioneshi kama kuvu ingali hai. Hilo huchunguzwa kwa kupitisha pamba safi juu ya doa na kuotesha kilichonaswa. Wala mabaki ya kuvu iliyokufa si salama, kwani bado huweza kuleta mzio. Jalada linaloshukiwa na litengwe, anayelishika avae glavu na barakoa yenye kuchuja chembechembe, na unyevu wa hewa katika stoo udumishwe chini ya asilimia 65. Kipimo hutambua madhara. Ukavu ndio unaoyazuia.