Uchovu wa kila siku: yoga inaweza kusaidia nini, na inashindwa nini?

Katika miji ya mashariki mwa RDC, neno « nimechoka » linasikika hata kabla jua halijapanda. Motari wa Goma anakaa juu ya pikipiki siku nzima, kwenye njia za mawe ya volkano. Mama mbebaji wa Bukavu anapandisha mzigo mlimani kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mwenye kazi ya ofisi naye anakunja mgongo mbele ya ordinatere tangu asubuhi. Jioni wote wanarudi nyumbani na lalamiko moja: mwili hauna nguvu.

Kati ya njia za kuusaidia mwili huo, kuna moja isiyoomba mashine wala franga: yoga. Ni mazoezi ya kunyoosha viungo na kupumua kwa utaratibu, yaliyoanzia India zaidi ya miaka 2.000 iliyopita. Mwezi wa kumi na mbili 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya kimataifa ya yoga. Karibu na sisi, jijini Nairobi, Africa Yoga Project inafundisha vijana tangu mwaka 2007, na wengi wao wamekuwa walimu wa mazoezi hayo.

Lakini zoezi la polepole linaongezaje nguvu? Mtu mwenye wasiwasi anapumua juu juu, kwa kifua tu. Moyo unapiga haraka, shingo na mabega vinakaza hata akiwa ameketi. Yaani mwili unatumia nguvu bila kazi yoyote. Anapotoa pumzi polepole, neva zinazotuliza moyo zinafanya kazi zaidi, na misuli inaanza kulegea. Usingizi pia unaweza kuwa mzuri zaidi, na asubuhi ya mtu aliyelala vizuri haifanani na ya mtu aliyegeuka-geuka kitandani usiku kucha. Kuhusu maumivu ya mgongo ya muda mrefu, chama cha waganga American College of Physicians cha Marekani kiliweka yoga mwaka 2017 kati ya njia za kujaribu kabla ya dawa.

Namna ya kuanza

Dakika kumi zinatosha. Tandika mkeka ao kitenge sakafuni, kabla ya kula.

Kwanza, keti wima. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe ukihesabu hadi sita. Rudia mara kumi.

Pili, piga magoti na uweke viganja chini. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo kama paka aliyeshtuka. Ukivuta pumzi, ushushe na uinue kichwa. Rudia mara nane.

Tatu, simama, inua mikono juu, kisha inama mbele polepole, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Usilazimishe vidole kugusa chini. Maumivu makali maana yake ni: acha.

Jioni, aliyesimama siku nzima alale chali na kuegemeza miguu ukutani kwa dakika tano. Miguu iliyovimba kwa kusimama inapata nafuu.

Kila mtu achague kulingana na kazi yake. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri watu wazima wafanye walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Mama anayebeba mizigo amezipita mbali. Yeye anahitaji zaidi kulegeza mgongo na kupumzika. Anayeketi ofisini ndiye anayepaswa kuongeza mwendo, na kutembea kwa miguu kunaweza kujaza dakika zinazobaki.

Wakati uchovu ni ugonjwa

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Katika mkoa wetu, uchovu unaweza kuwa dalili ya malaria, upungufu wa damu, kisukari ao kifua kikuu. Mara nyingine ni njaa tu. Hakuna zoezi linaloziba nafasi ya sahani ya maharagi na sombe, wala ya chandarua. Mwenye homa, anayekohoa kwa majuma mawili, anayekonda bila sababu ao anayeishiwa pumzi kwa kazi ndogo aende kituo cha afya apimwe, asingoje yoga imponye. Mama mjamzito na mwenye shinikizo la damu wamuulize mganga kwanza, na waepuke mikao ya kushusha kichwa chini.

Kuna pia swali ambalo waamini wengi wanauliza: je, yoga si dini nyingine? Ni kweli kwamba mizizi yake iko ndani ya imani za India, na huko wako wanaoifanya kama ibada. Mahali pengi duniani inafundishwa kama mazoezi ya mwili tu, bila maombi wala nyimbo. Mwenye shaka anaweza kunyoosha mgongo na kupumua polepole bila kukipa kitendo hicho jina lolote.

Matokeo hayaonekani siku ya kwanza. Ni afadhali dakika kumi kila asubuhi kuliko saa nzima siku ya Jumapili peke yake. Baada ya majuma machache, angalia namna unavyolala na namna unavyoamka. Uchovu ukibaki palepale, njia inayofuata ni ya kituo cha afya.