Karavani ya Kwanza Ibaki Ughaibuni, Mbezi Beach Ipelekewe Hema

Familia ya Kitanzania inayoishi Leicester au Reading, yenye watoto wanaosoma na nyumba inayojengwa Mbezi Beach, ina sababu ya haki ya kuitamani karavani. Likizo za shule za Uingereza zinaangukia majira ambayo nauli ya ndege kwenda Dar es Salaam imepanda, na hoteli haikubali watu sita walale chumba kimoja. Ndipo mpango unapoanza kusukwa: tununue karavani iliyotumika, tuitumie huku miaka miwili mitatu, kisha tuipakie melini ikakae uani Mbezi Beach, na kila tukirudi nyumbani tuivute hadi Mikumi, Lushoto na Pangani. Nusu ya kwanza ya mpango huo ni nzuri na ninaiunga mkono. Nusu ya pili itakula fedha za familia, na likizo yenyewe haitaongezeka raha.

Karavani ni chombo cha nchi yenye barabara laini na viwanja vilivyoandaliwa kwa ajili yake. Daktari wa jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, alipotengenezewa karavani yake ya matembezi mwaka 1885, ilikuwa na uzito wa karibu tani mbili na ilivutwa na farasi wawili. Tangu hapo Waingereza wamejenga mfumo mzima nyuma ya starehe hiyo. Chama chao cha wenye karavani kiliundwa mwaka 1907, na leo kiwanja cha kawaida kina nafasi iliyosawazishwa, soketi ya umeme, bomba la maji na mahali maalumu pa kumwaga choo. Mzazi anafika Ijumaa jioni, anachomeka waya, na ndani ya nusu saa wali uko jikoni. Kwa familia zetu jiko hilo lina thamani kubwa: chakula ni cha nyumbani, nyama ni halali kwa anayejali hilo, na mama mkwe aliyekuja kutembea hahangaiki na menyu asiyoijua. Sheria nayo imelegea. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, aliyefaulu mtihani wa kuendesha gari dogo Uingereza anaruhusiwa kuvuta trela hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine, hata kama leseni yake ni ya baada ya 1997. Kilichobaki ni kushika mwendo: maili 50 kwa saa kwenye barabara za kawaida, 60 kwenye zile kuu.

Kosa la mnunuzi wa mara ya kwanza ni kuangalia makochi na mapazia. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama umenunua nyumba au umenunua taka. La kwanza ni uzito. Kanuni wanayofundishwa wanaoanza ni kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Gari la kilo 1,600 basi lisivute zaidi ya kilo 1,360. Kanuni hiyo si sheria, ila inatokana na fizikia: trela zito nyuma ya gari jepesi likianza kuyumba barabara kuu, dereva mgeni hawezi kulituliza. Mizigo mizito iwekwe chini, karibu na ekseli, na uzito unaokaa kwenye ndoano ya gari uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani. La pili ni unyevu. Karavani nyingi za zamani zina fremu ya mbao ndani ya bati jembamba la alumini. Maji yakiingia kwenye pembe au pembeni mwa dirisha, mbao huoza kimyakimya huku ukuta wa ndani ukibaki unang'aa. Kipimo cha unyevu kikisoma zaidi ya asilimia 20, jiandae kwa gharama kubwa ya matengenezo au ondoka. Bonyeza sakafu kwa mguu, nusa ndani ya makabati, soma mwaka uliochapwa kwenye tairi, kwa sababu tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama. Kisha linganisha namba ya utambulisho iliyochorwa kwenye vioo na ile ya kitabu chake. Karavani zinazotengenezwa Uingereza zimekuwa zikisajiliwa kwa namba hiyo tangu 1992, na za wizi zipo.

Tuje kwenye meli. Karavani ya familia ina kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu, na mlango wa kontena la kawaida haufiki mita 2.3. Kwa hiyo husafirishwa kwa meli za kubeba magari, ambako nauli hupigwa kwa ujazo. Fikiria maana yake: unalipia mita za ujazo za hewa iliyomo ndani ya sanduku tupu kutoka Uingereza hadi Dar es Salaam. Ikifika, kodi huhesabiwa juu ya bei ya kununulia ikijumlishwa na nauli na bima, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huja juu ya ushuru wa forodha. Kuna na suala la nyaraka. Uingereza karavani haina kadi ya umiliki ya serikali kama gari; hubandikwa tu namba ya gari linaloivuta. Tanzania kila trela lina namba yake. Mwenye kuleta karavani anafika bandarini akiwa na risiti na kitabu cha usajili wa hiari, na wakala wa forodha anapaswa kuanza kueleza kitu hicho ni nini. Siku za kuhifadhi bandarini zinahesabiwa wakati maelezo yakiendelea.

Tuseme imetoka. Inafika Mbezi Beach, na hapo ndipo ninapoomba msomaji ajiulize itaishije. Barabara ya Bagamoyo ni pana, lakini nyumba za watu haziko juu ya Barabara ya Bagamoyo. Ziko ndani, kwenye mitaa ya vumbi na makorongo ambayo kila masika huichimba upya, yenye kona za kuta mbili zinazotazamana. Karavani ya Uingereza iko chini sana: miguu ya kuisimamisha, mabomba ya maji machafu na ngazi vyote vinaning'inia chini ya sakafu. Kila tuta ni mtihani, kwa sababu gari likiwa limeshapanda, pua ya karavani inazama na kukwaruza lami. Nyingi hazina springi. Ekseli zake hutegemea mpira uliofungiwa ndani ya bomba la chuma, na gereji ya kawaida ya Tegeta au Mwenge haina spea hiyo. Mtungi wa gesi wa Uingereza haubadilishwi dukani Dar. Na hayo ni ya siku ya safari. Siku nyingine zote za mwaka, mwenyewe akiwa ughaibuni, karavani inakaa uani ikipigwa na jua na upepo wa chumvi wa bahari, mchwa wakiitafuta ile fremu ya mbao kutoka chini. Ndani yake hakuna kiyoyozi, maana ilijengwa kuzuia baridi. Desemba, ambao ndio mwezi wetu wa kurudi, joto la Dar hufika nyuzi 31 na zaidi, na sanduku la alumini halilaliki.

Wapo watakaosema barabara zetu si zile za zamani, na wanasema kweli. Daraja jipya la Wami lilianza kutumika 2022 na kuondoa ile hofu ya daraja jembamba. Kutoka Dar hadi Mikumi, kama kilomita 280, ni lami tupu, na barabara kuu yenyewe inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Lakini likizo haifanyiki kwenye barabara kuu. Ukitaka kuona tembo unaingia njia za udongo za hifadhini, na karavani unaiacha langoni. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kupanda na kona juu ya korongo, ukipishana na malori ya mboga. Ushahidi mzuri zaidi ni wa wageni wanaovuka Afrika kutoka Cape Town wakipitia kwetu. Hao wana muda na uzoefu, na wanapenda kulala njiani kuliko sisi. Wengi wao wamechagua Land Cruiser au Hilux yenye hema juu ya paa, na anayevuta kitu huvuta trela fupi la Afrika Kusini lenye springi za malori na magurudumu yanayolingana na ya gari lake.

Hoja ya bei za hoteli ina uzito, na siipuuzi; familia ya watu sita katika hoteli za hifadhini inaumia. Jibu lake lakini si karavani. Hifadhi za TANAPA zina maeneo ya kambi ya umma, na kandokando ya barabara ya Iringa, kama Kisolanza, kuna mashamba yanayopokea wenye mahema. Zaidi ya hapo, likizo ya nyumbani haiwi ya baba, mama na watoto peke yao. Shangazi anakuja, binamu wanne wanakuja, bibi anataka kwenda kuona kaburi la kaka yake njiani. Ukoo unajaza Coaster. Karavani yenye vitanda vinne itawagawa watu katika wanaolala ndani na wanaoachwa nje, jambo ambalo hakuna mama wa Kitanzania atakayelikubali.

Hoja iliyobaki ndiyo yenye nguvu: karavani iwe chumba cha wageni, au mahali pa kulala fundi wakati nyumba inajengwa. Kwa miezi michache ingefaa. Ila nauli na kodi zikijumlishwa, fedha hiyo inajenga chumba cha tofali chenye choo kwenye kiwanja hichohicho, na chumba hicho hakiliwi na mchwa kwa urahisi, tena huongeza thamani ya nyumba.

Kwa hiyo nunueni karavani kwa ajili ya wikendi za huko mliko, itumieni hadi watoto wakue, na mkimaliza iuzeni hukohuko penye wanunuzi na mafundi wake. Kwenye kontena la vitu vya nyumbani wekeni mahema mawili mazuri ya familia, magodoro ya kujaza hewa na taa za jua. Mkifika Dar, kodini Coaster pamoja na dereva anayeijua njia.