Leuven: Mji wa Chuo Kikuu na Somo la Lugha

Jina la Leuven, ambalo wengi wetu tumelizoea kwa Kifaransa kama Louvain, si geni kwa wasomi wa Kongo. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa karibu na Kinshasa mwaka 1954, kilizaliwa na chuo kikuu cha mji huo, tena kikarithi jina lake la Kilatini. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa (UNAZA). Basi msomi ambaye masomo au mkutano utamfikisha Ubelgiji ana sababu ya kutenga siku moja kwa ajili ya Leuven.

Mji uko kilomita 25 hivi mashariki ya Bruxelles, safari ya treni ya nusu saa hivi. Kutoka kituoni, barabara iliyonyoka humfikisha mgeni kwa miguu mbele ya jumba la manispaa la karne ya 15, ambalo kuta zake zimejaa sanamu za mawe zaidi ya 200. Chuo kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1425 kwa idhini ya Papa Martin wa Tano, hakikuzungushiwa ukuta. Majengo yake yametawanyika baina ya nyumba, maduka na makanisa. Hata mtaa wa kale wa Groot Begijnhof, ulionunuliwa na chuo mwaka 1962 na kukarabatiwa, hukaliwa na wanafunzi na walimu wageni. Kwa kuwa wenyeji wamezoea wageni karne nyingi, aulizaye njia huelekezwa kwa upole.

Upole huo haumaanishi kwamba mji haukupata mateso. Mwezi Agosti 1914 askari wa Ujerumani waliichoma maktaba ya chuo, na vitabu zaidi ya 200,000 vikateketea. Maktaba mpya ilijengwa kwa michango ya Wamarekani, ikafunguliwa mwaka 1928. Majina ya shule na vyuo vilivyochanga yamechongwa katika mawe yake. Mwezi Mei 1940 iliungua tena vitani. Jengo tulionalo leo ni lile lililotengenezwa upya baada ya vita.

Mgawanyiko wa tatu haukuletwa na moto, bali na lugha. Katika karne ya 19 mafunzo yalitolewa hasa kwa Kifaransa, hali raia wengi wa mji walisema Kiholanzi. Kiholanzi kiliingia darasani hatua kwa hatua katika karne ya 20, na Waflamandi wakadai kiwe lugha pekee ya chuo mjini hapo. Mwaka 1968 ugomvi huo uliiangusha serikali ya Ubelgiji. Idara za Kifaransa zikahamia Louvain-la-Neuve, mji mpya uliowekewa jiwe la msingi mwaka 1971. Vitabu navyo viligawanywa, vingi kwa namba za rafu: witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili.

Ndiyo maana mgeni kutoka Kongo asidhani kwamba Ubelgiji yote ni ya Kifaransa. Akitanguliza salamu ya Kiholanzi, hata neno moja tu, «dag», kisha akaomba ruhusa ya kutumia lugha nyingine, atakuwa amewaheshimu wenyeji wake, nao watamjibu kwa furaha.

Kwetu sisi jambo hili si hadithi ya mbali. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini Kifaransa ndicho lugha rasmi, na ndicho kinachotawala vyumba vya mihadhara. Leuven inatufundisha kwamba lugha ya raia haiwezi kungoja mlangoni milele, na kwamba ikicheleweshwa mno huingia kwa kishindo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huko Ubelgiji ulijengwa mji mzima. Heri sisi tukipe Kiswahili nafasi yake katika sayansi mapema, kwa kutunga istilahi, kuandika vitabu na kufundisha, ili maktaba zetu zibaki nzima.