Jazi Yenye Lafudhi

Kwa msomaji aliyelelewa na Shirati Jazz au Morogoro Jazz, neno hili lahitaji fasiri kwanza. Bendi hizo zilijiita Jazz, lakini moja ilipiga benga na nyingine muziki wa dansi. Jazi niikusudiayo hapa ni ile waliyoiasisi Wamarekani Weusi, na hasa tawi lake lililokuja kuitwa jazi huru baada ya Ornette Coleman kurekodi sahani yenye jina hilo mwaka wa 1960. Katika jazi huru mpigaji hafungwi na mpangilio wa sauti uliokubaliwa kabla; huwasikiliza wenzake, akawajibu papo hapo.

Muziki huo umepata makao Israeli, na wapo wanaouliza una haki gani huko. Mwanaisimu hashangai. Lugha haimdai mtu cheti cha kuzaliwa; humdai aizungumze. Ila kila ajifunzaye lugha ya wenziwe huingia na lafudhi yake, na hapo ndipo penye ugomvi: aifiche, au aiache isikike?

Chukua mfano wa Harold Rubin, aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1932. Alikuwa msanifu majengo, mchoraji na mpiga klarineti aliyethubutu kupiga muziki pamoja na Waafrika katika nchi ambayo sheria zake ziliwatenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alishtakiwa kwa kosa la kukufuru, kisa mchoro wake wa Yesu. Mahakama ilimwachilia, naye akahamia Israeli. Huko, katika miaka ya 1980, alikuwa mmojawapo wa nguzo za kundi la Zaviot. Neno hilo la Kiebrania maana yake ni pembe, na ni ndugu wa zawiya ya Kiarabu, ambayo Waislamu wa pwani yetu huijua kuwa makao ya tarika. Rubin alifariki mwaka wa 2020. Kwa mtu aliyewahi kusimamishwa kizimbani kwa sababu ya mchoro, neno "huru" halikuwa pambo la jina la muziki.

Wapenzi wa muziki huu ni wachache kokote uendako, na wapigaji wengi wa Israeli wamehamia New York. Assif Tsahar, mpiga saksafoni, aliishi huko miaka mingi kabla ya kurejea. Mwaka wa 2006 yeye, mpiga piano Daniel Sarid na kiongozi wa okestra Ilan Volkov walifungua ukumbi Tel Aviv, wakauita Levontin 7 kwa jina la mtaa na nambari ya nyumba.

Suala la lafudhi hujitokeza wazi zaidi kwa Omer Avital, mpiga besi, ambaye si wa jazi huru hasa bali ya kisasa. Wazazi wake walitoka Morocco na Yemen. Muziki wa Wayahudi waliotoka nchi za Kiarabu ulinyimwa nafasi kwa miaka mingi katika redio ya taifa. Ulionekana duni, tena wa adui. Avital, akiwa tayari amejijengea jina New York, alirudi Israeli mwanzoni mwa miaka ya 2000 akajifunza udi na nadharia ya muziki wa Kiarabu. Yaani alikwenda shule kujifunza lugha ya nyumbani kwao!

Nakiri kuwa lafudhi nayo huuzwa. Watayarishaji wa matamasha hupenda udi kidogo juu ya jazi, mithili ya bizari, na mara nyingi matokeo yake hunichosha. Lakini msikilize Abate Berihun, mpiga saksafoni mzaliwa wa Ethiopia, katika kundi aliloliunda pamoja na mpiga piano Yitzhak Yedid, wakaliita Ras Deshen kwa jina la mlima mrefu kuliko yote Ethiopia. Humo ngazi za sauti za Kihabeshi hazikunyunyizwa juu ya jazi. Ndizo zinazozungumza, na piano ndiyo inayotafuta namna ya kuzijibu.