Kambare Mchanga Anakula Nini?



Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Subukia kilitoa pesa ya chama, wakanunua vifaranga vya kambare walioanguliwa juzi tu, maana ndio wa bei ya chini. Walituuliza wawape nini. Tukawaambia wasage chakula cha kuku mpaka kiwe laini kama poda. Siku ya sita vifaranga karibu wote walikuwa wamekufa na maji yananuka. Kosa lilikuwa letu, si lao, na ndiyo sababu tumeandika ukurasa huu.

Haja ya vifaranga si jambo la jana. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki, 200 kwa kila eneo la bunge katika maeneo 140. Vidimbwi vikachimbwa kwa haraka, lakini mbegu ya kutia ndani ikawa shida. Kambare (mumi, kwa wenzetu wa Nyanza) ana soko mara mbili: anauzwa kwa kula akiwa mkubwa, na akiwa mdogo wavuvi wa Ziwa Victoria humnunua awe chambo cha mbuta. Kwa hiyo kikundi kinachoweza kulea vifaranga kina kazi ya kweli mkononi.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyo. Kambare akiangua huwa na kifuko cha kiini tumboni, na hicho ndicho chakula chake kwa siku kama tatu. Kifuko kikiisha anaanza kuogelea juu akitafuta. Hapo tumbo lake la kusagia chakula bado halijakamilika. Unga mkavu ukiingia, sehemu kubwa hutoka kama ulivyoingia, na ule asiokula huoza chini. Anachohitaji wakati huo ni mdudu mdogo, aliye hai, anayecheza mbele ya macho yake na kusagika kwa urahisi. Wanaofuga tilapia peke yake wasisumbuke sana: yule mtoto hulelewa kinywani mwa mama yake, na akitoka hupokea unga laini bila matata.

Duniani kote vituo vya kuangulia samaki, kamba na kaa hutumia mdudu wa maji ya chumvi aitwaye atemia. Mayai yake hukauka kama vumbi na hukaa kwenye mkebe muda mrefu. Ukiyatia katika maji ya chumvi yenye joto na hewa, kwa siku moja yameangua. Mengi hutoka Great Salt Lake, Marekani, na bei ya mkebe mmoja inaweza kumaliza akiba ya kikundi. Miaka ya 1980 atemia walipandwa katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu, kule upande wa Malindi, wakaota vizuri. Lakini kwa mtu wa Bahati au Molo, Malindi nako ni mbali.

Kuna jambo linalotuchekesha kidogo. Wenye kulea kaa wachanga huwapa kwanza rotifa, kidudu kidogo kuliko atemia. Watafiti wa miaka ya 1970 waliwakuta rotifa hao hao ndani ya Ziwa Nakuru, wakila kile kijani ambacho heroe wanakila. Chakula cha viangulio vya ulimwengu kiko mlangoni petu! Lakini msiende na ndoo. Ile ni mbuga ya taifa, na maji ya magadi hayamfai kambare.

Sisi tunategemea moina. Huyu ni kiroboto wa maji yasiyo na chumvi. Mtamwona akirukaruka katika madimbwi ya kijani baada ya mvua. Mtoto wake analingana na atemia mchanga, na hafi upesi katika maji ya kambare. Atemia hufa baada ya saa chache akitolewa kwenye chumvi.

Chukueni tangi au shimo lililotandikwa nailoni, lita 1,000. Tieni nusu kilo ya kinyesi cha kuku kilichokauka, ndani ya gunia lililofungwa, mpaka maji yawe ya kijani. Kinyesi cha kuku waliopuliziwa dawa msitumie, mtaua kila kitu. Kisha tieni moina mliochota kwa kitambaa, lakini wachagueni kwanza kwenye beseni jeupe, kwa maana watoto wa kereng'ende wakiingia watawamaliza. Baada ya wiki hivi tangi litakuwa limejaa. Kwa siku msivune zaidi ya robo, la sivyo mbegu itakwisha. Wasuuzeni kwa maji safi kabla ya kuwalisha kambare, na nanyi mnawe mikono kwa sabuni.

Muwe na matangi mawili au matatu, yaanzishwe kwa siku tofauti. Tangi moja likifa (na litakufa tu siku moja) msibaki mikono mitupu. Anzeni moina kabla ya kununua vifaranga, si baada. Hapo ndipo vikundi vingi vinateleza.

Kiini cha yai lililochemshwa kinasaidia siku moja ya dharura, lakini huchafua maji vibaya. Baada ya siku saba hadi kumi anzeni kuchanganya unga wa omena au wa ochonga uliochekechwa, kidogo kidogo, huku mkipunguza moina. Ochonga hagombaniwi na sufuria ya nyumbani kama omena. Wakati huo huo wakubwa watengwe, kwa sababu kambare hula ndugu zake bila aibu.

Shida yetu hapa ni baridi. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na usiku wa Julai moina hulala na kambare hawali. Ezekeni kibanda cha nailoni juu ya matangi, au subirini Septemba.

Wale akina mama wa Subukia wamekubali kujaribu tena. Safari hii wanalea moina kwanza, na pesa ya vifaranga bado iko kwa mweka hazina.